Majamvi Mawili Kando ya Lami

Tangu niingie eda nimeijua barabara hii kuliko nilivyoijua miaka yote niliyoipita kwa miguu. Chumba changu kina dirisha moja linalotazama nje, na Salma alipofika kutoka Wete kuja kuhani, jambo la kwanza alilolifanya ni kukisogeza kitanda changu karibu na dirisha hilo, bila ya kuniuliza. "Utakaa miezi minne watazama ukuta?" alisema. Kwa hiyo natazama lami. Inashuka kutoka kwenye mikarafuu ya upande wa Wete, inapinda na kupinda tena, inaingia bondeni kwenye mipunga, inavuka daraja dogo, kisha inapanda kupita mbele ya nyumba yangu na kuelekea Chake. Hii ndiyo barabara ya zamani. Magari mengi siku hizi yanapita ile nyingine, na hapa zimebaki bodaboda, ng'ombe, na vijana wa baiskeli ambao wakiufikia ule mteremko hawashiki breki hata uwaambie nini. Mume wangu, Makame, aliishi kando ya barabara hii maisha yake yote na amefia hapa hapa. Mimi nilifika mara ya kwanza kwa baiskeli, nikiwa msichana, nimekalia keria, nimemshika Salma kiuno. Tulikuwa tumekuja kumchungulia mwanamume aliyemposa Salma. Mwanamume huyo alikuwa Makame.

Mwaka ule niliishi Wete kwa khaloo Zuhura, ndugu wa mama yangu, kwa sababu skuli niliyopangiwa ilikuwa huko, na kwenda na kurudi Konde kila siku kusingewezekana. Nilipewa nusu ya kitanda cha Salma, bintiye. Chumba chetu kilikuwa na kitanda hicho, sanduku la bati na kamba ya kutundikia nguo, basi. Ukuta uliotutenga na chumba cha wazee haukufika juu. Uliishia kimo cha mtu aliyenyoosha mkono, na palibaki wazi ili upepo upite. Upepo ulipita, na maneno pia. Tulijua bei ya samaki kabla hatujamwona samaki mwenyewe, na tulijua nani kagombana na nani kabla wenyewe hawajapatana. Mchana tulikula wali kwa mchuzi wa papa, au muhogo wa nazi, tumekaa kwenye mkeka ukumbini, na khaloo alikuwa na desturi ya kumega kipande cha samaki upande wake na kukisukuma upande wangu, na kingine upande wa Salma, bila ya kutuangalia. Nimekula vyakula vingi vizuri tangu wakati ule, hata kwenye harusi za wakubwa. Sijui kwa nini kile kipande cha papa ndicho ninachokikumbuka.

Salma alikuwa amemaliza skuli mwaka uliotangulia, na akishona kofia za viua pamoja na mama yake. Alikuwa na mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Jioni walikaa ukumbini na kofia zao mapajani, mimi na vitabu vyangu pembeni, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuwatungia uzi kwenye sindano huku nikijifanya nasoma. Baba yake, Mzee Hamad, alikuwa mwalimu wa watoto wadogo na alikuwa na baiskeli ya kiume, ile yenye mtaimbo juu. Kila alipojilaza baada ya adhuhuri sisi tuliitoa kwa mlango wa uani na kwenda kujifunza kwenye uwanja mtupu nyuma ya nyumba, mabaibui tumeyafunga magotini kwa kamba. Tulianguka sana. Siku moja tuliikuta imeshushwa kiti na mnyororo umetiwa mafuta, na Mzee Hamad hakusema lolote, wala sisi hatukuuliza.

Posa ilikuja wakati wa mavuno ya karafuu, skuli zimefungwa, mimi nimebaki kuwatungia uzi, Wete nzima inanukia karafuu. Wageni walikuja na halua, wakazungumza na Mzee Hamad barazani, wakaondoka. Baada ya isha sisi tulilala tumekodoa macho tukisikiliza juu ya ukuta.

"Kijana ana kazi ya serikali, sasa yuko likizo ya mavuno," alisema Mzee Hamad. "Na kwao mikarafuu ipo."

"Na tabia?" aliuliza khaloo.

"Wamsifu."

"Watu humsifu kila aposaye. Yuko wapi mtu aliyekuja kuposa na huku akisemwa vibaya?"

"Ijumaa watakuja kutaka jibu. Muulize mtoto."

"N'tamuuliza Alkhamisi. Akinyamaza, tushajua."

Kwa asiyejua desturi hii niieleze. Kwetu msichana wa zama zile hakusema kwamba amemtaka mtu. Aliulizwa na mama yake au shangazi yake, akainamisha kichwa, akanyamaza, na kimya chake kilipelekwa kwa wanaume kama jibu. Kukubali hakukuhitaji neno hata moja. Kukataa ndiko kulikotaka maneno, na maneno yenyewe yawe na sababu, kwa sababu mama angeuliza kwa nini, na baba angeuliza kwa nini, na ungeambiwa ufikiri tena mpaka uchoke. Salma alinigeukia kitandani. Hakuwa analia, alikuwa amekasirika.

"Mie sijamwona mtu huyu," alinong'ona. "Mama akiniuliza n'tanyamaza kwa sababu sina la kusema, na wao watakwenda kusema n'mekubali."

"Basi sema humtaki."

"N'tajuaje kama simtaki? Nataka nimwone kwanza. Nimwone akiwa kwao, hajui kama atazamwa."

Nafasi ilipatikana Jumatano. Khaloo alikuwa na kofia iliyokwisha ya kumpelekea shangazi yake Salma, Madungu, kule Chake, naye ndiye angeifikisha kwa mteja. Alitupa kofia imefungwa kwenye kitambaa cheupe, akatupa na nauli, akatuambia tupande gari ya asubuhi. Mzee Hamad alikuwa amekwenda shamba kwa miguu. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa kwenye mlango wa uani, magurudumu yamejazwa upepo, na Salma akaitazama, akanitazama. "Gari haisimami tutakapo siye," alisema.

Lami mwaka ule ilikuwa imetiwa upya na ilikuwa nyeusi, haina hata shimo. Mtu anayeijua Pemba kwa ramani tu hudhani kisiwa ni tambarare. Ajaribu kukikanyagia pedali. Kila baada ya bonde kuna kilima, na kila kilima kimevaa mikarafuu mpaka kichwani, na kila bonde lina mpunga na kijito. Tuligawana kazi hivi: kupanda tulishuka wote na kuikokota, kushuka tulipanda wote, na palipo sawa tulibadilishana. Watu walikuwa wameanika karafuu njia nzima. Huweka majamvi kando, nusu juu ya lami yenyewe, kwa sababu lami ikipata jua inakausha kuliko ardhi, na mwenye gari au baiskeli hukwepa. Kupita juu ya jamvi la mtu ni kama kuingia na viatu msikitini. Wanawake walikaa mabarazani wakichambua karafuu na kutupa makonyo, vile vijiti vyake, pembeni, na walipotuona waliacha. Mzee mmoja alituuliza kama baiskeli yetu haina mwanamume. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alimwambia Salma, "Kaza mguu, mwanangu, huko mbele kuna kilima," na kweli kilikuwapo.

Mteremko wa mwisho kabla ya daraja niliuendesha mimi. Salma alikaa nyuma na kofia kifuani. Niliacha breki. Upepo uliingia ndani ya baibui, bonde likaja mbele yetu kijani tupu, na Salma akawa ananipiga mgongoni akiniambia nipunguze, na sikupunguza. Nilikuwa nimefurahi. Nimeishi muda mrefu nikipata furaha za kila namna, nyingi zimekuja zimechanganyika na kitu kingine, lakini ile haikuwa na mchanganyiko.

Nyumba yao, kama tulivyosikia juu ya ukuta, ilikuwa ya kwanza baada ya daraja, baraza yake imepakwa rangi ya kijani. Tulisimama chini kidogo, tukapindua baiskeli, tukajifanya tunarudisha mnyororo. Mbele ya nyumba hiyo kulikuwa na jamvi kubwa la karafuu, zimeshaanza kugeuka nyekundu, siku moja tu ya jua zingekuwa tayari. Ng'ambo ya pili ya barabara, mbele ya kijumba kilichofungwa mlango, kulikuwa na jamvi jingine dogo. Kijana mrefu, suruali ameikunja mpaka magotini, alikuwa akizigeuza karafuu kwa mikono, polepole, na mara kwa mara akinyanyua kichwa kutazama upande wa Chake. "Ndiye," alisema Salma. Nikamwambia mbona mrefu sana. Akaniambia urefu si kasoro. Tukamtazama na kutazama, na hapakuwa na la kuonekana, mtu anageuza karafuu. Salma alianza kuhuzunika. "Tumekuja bure," alisema. "Utamjua vipi mtu kwa kumwona mgongo?"

Hapo ndipo mvua ilipotoka nyuma ya kilima. Sasa kuna jambo jingine la kwetu, na hili halijafa mpaka leo: mvua ikidondoka karafuu zimeanikwa, yeyote aliye njiani husimama akaanua. Huulizi ni za nani, na mwenyewe hakushukuru, kwa sababu kesho na yeye ataanua za mtu mwingine. Karafuu iliyokauka nusu ikirowa huota ukungu, na kazi ya siku zote hizo imekwisha. Tuliiacha baiskeli palepale imepinduliwa, tukakimbia. Mama wa yule kijana, Bi Mgeni, alikuwa ameshatoka nje kwa kilio: "Makame, anza na zetu. Anza na zetu, mwanangu, hizo nyingi." Makame alimsikia, kila mtu alimsikia. Akavuka barabara, akaenda kwenye lile jamvi dogo.

Jamvi haliinuliwi na mtu mmoja, karafuu zitamwagika. Lazima mmoja ashike huku na mwingine kule. Salma alikimbilia jamvi kubwa, alikokuwa Bi Mgeni. Mimi nilivuka. Sikufikiri. Nilimwona mtu ameshika upande mmoja na upande wa pili hauna mtu. "Shika huko," aliniambia. "Kunja. Polepole, usimwage." Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu, na hakuniangalia usoni, alikuwa anaziangalia karafuu. Tukalibeba mpaka chini ya makuti ya kile kijumba, tukalifunika, kisha tukakimbia pamoja kwenye jamvi kubwa ambalo Salma na Bi Mgeni walikuwa wameshindwa hata kulikunja. Tulipolifikisha barazani maji yalikuwa yanachuruzika.

Bi Mgeni alitupa chai na muhogo wa kuchemsha. Kwa kuwa tulikuwa tumemwanulia hakutuuliza mengi, na Salma alisema tu kwamba tunatoka Wete twenda Madungu kwa shangazi. Bi Mgeni hakuwa amewahi kumwona. Posa ilipelekwa na wanaume, na yeye alimjua mkwe wake kwa jina la baba tu. Basi akajimwaga. Aliusema moyo wake wote mbele ya wageni wawili wa njiani, na mmoja wao ndiye aliyekuwa anasubiriwa jibu lake.

"Mwamwona huyu?" alisema, akimwonyesha Makame aliyekuwa amechutama pembeni akizitenga karafuu zilizorowa. "Ndivyo alivyo. Chetu mwisho. Juzi kampa mtu bati za jiko letu, siye twapikia nje. Mkewe huyu atakuja kulala na njaa na majirani washibe."

"Bi Riziki kaenda msibani, mama," alisema Makame bila ya kugeuka. "Hana mtu wa kumwanulia. Siye tuko wawili."

"Na ukioa mtakuwa watatu, na zote zitaota ukungu."

Makame akacheka. Nilimtazama Salma nikidhani na yeye anacheka. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, anaitazama chai.

Mvua ilipokatika tuliendelea. Kilima cha baada ya nyumba ile ni kirefu, tuliikokota baiskeli mpaka katikati, ndipo Salma akasema, "Nimeshamwona."

"Na?"

"Si mume wangu. Mtu mwema, Mungu amzidishie, lakini si mume wangu. Mie nataka mtu atakayeanza na zangu."

Nilishika usukani nikaitazama lami inayofuka mvuke. Nilikuwa nimempenda Makame. Niliona haya hata kulisema jambo hilo ndani ya kichwa changu mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mposaji wa ndugu yangu na jibu lilikuwa bado halijatolewa, na kwa sababu nilimpenda kwa kitu kile kile ambacho Salma alimwona nacho hafai. Tulikuwa tumetazama mtu mmoja, mvua moja, majamvi mawili. Tulifika Madungu tumechafuka matope, kofia imesalimika, na shangazi akatupikia wali na akacheka mpaka akashika mbavu alipoiona baiskeli. Tuliporudi alasiri jua lilikuwa limetoka na karafuu zimeanikwa upya pande zote mbili. Makame alitunyanyulia mkono. Salma alikuwa ndiye anayeendesha, na hakuwa na mkono wa kunyanyua. Mimi wangu ulikuwepo, lakini niliubakisha kiunoni kwake.

Alkhamisi khaloo alimwita Salma chumbani, mimi nikabaki upande wa pili wa ukuta. Nilisikia swali. Kikafuata kimya, nikahofia kwamba Salma amesahau, kwamba kile kimya kitachukuliwa kwenda barazani. Kisha akasema, "Simtaki, mama." Khaloo akamuuliza kwa nini. Salma angeweza kusema aliyoyasikia, lakini kufanya hivyo kungekuwa kumtia Bi Mgeni aibuni, na kuifichua baiskeli pia. Akasema, "Moyo wangu haukumtaka." Khaloo akauliza tena, na Mzee Hamad akaja kuuliza, na siku ya pili shangazi akaja kuuliza, na jibu likawa ni hilo hilo. Mpaka jibu likapelekwa. Mchana ule tulikaa mkekani kula. Khaloo alinimegea kipande changu cha samaki kama kawaida, na cha Salma hakumega.

Mwaka ule ukaisha, nikarudi Konde. Posa yangu ilikuja baada ya Makame kuuliza Madungu ni nani yule msichana aliyeshika ncha ya pili ya jamvi. Mama yangu aliponiuliza niliinamisha kichwa, nikanyamaza. Nadhani hakuna msichana Pemba nzima aliyewahi kunyamaza kwa furaha kama ile.

Nisidanganye, sasa kwa kuwa mwenyewe hayupo. Salma hakukosea hata kidogo. Aliolewa na mfanyabiashara wa Wete aliyeanza na zake kila siku, na wana nyumba ya ghorofa na watoto waliosoma. Mimi nimepikia nje miaka mingi kwa sababu bati za jiko ziliondoka tena. Karafuu zetu zimeota ukungu misimu mingi kuliko nipendavyo kusema. Nilimgombeza Makame, nikanuna, safari moja nikafunga mzigo nikarudi Konde, na alipokuja kunichukua alichelewa kwa sababu njiani alimsaidia mtu kutoa ng'ombe mtaroni. Siku ya maziko yake watu walijaa kutoka barazani mpaka darajani, na sikumjua hata nusu yao. Nilifurahi kuwaona na nikawakasirikia pia, kwa sababu kila mmoja alikuwa na kipande cha mume wangu ambacho mimi sikukipata.

Juzi nilimwambia Salma haya yote. Alikuwa amekaa chini, magoti yake siku hizi hayataki kukunjika, ananikuna mgongo.

"Mie ningemwacha mwaka wa kwanza," alisema. "Sijuti hata leo."

"Hukukosea."

"Na weye? Wajuta?"

Nilifikiri kwanza, kwa sababu swali lilistahili. "Sijuti," nikamwambia. "Nilichoka, lakini sijuti."

Akaendelea kunikuna. Nje kulikuwa na karafuu. Majirani walituchumia, msiba umeingia katikati ya mavuno, na jamvi letu limeanikwa mbele ya baraza kama siku zote. Ng'ambo ya barabara kuna jamvi la mjukuu wa Bi Riziki, ambaye yuko kazini Chake mpaka jioni. Tone la kwanza lilipopiga bati niliinuka kitandani, kisha nikakumbuka kwamba niko edani na njiani si pahala pangu. Salma alikuwa ameshatoka. Nilimwona kwa dirisha, mtumzima anakimbia kwa kuchechemea, kanga imemvuka kichwani. Nikaita, "Salma, hizi hapa." Alinisikia. Akavuka lami. Kijana wa baiskeli aliyekuwa anateremka akashika breki, akaitupa baiskeli, akamshikia upande wa pili.

Aliporudi ndani alikuwa amerowa chapachapa na zetu zilikuwa zinachuruzika barazani. Alijifuta uso kwa kanga, hakuniangalia.

"Zile zilikuwa karibu," alisema.

Hazikuwa karibu. Zetu ndizo zilizokuwa chini ya dirisha.